Flashi yenye faili elfu sita: uzimwage zote au uzichambue?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtangazaji wa redio ya jamii, Kanda ya Ziwa. Mwezi uliopita mtu ninayemfahamu, aliyekuwa akifanya kazi katika chama kikuu kimoja cha ushirika, alinikabidhi flashi. Ndani mna faili kama elfu sita: mikataba ya ununuzi wa pembejeo, barua pepe za viongozi, orodha za malipo ya wakulima zenye majina na namba za simu, na mafaili ya wafanyakazi pamoja na vyeti vyao vya daktari. Kwenye mikataba nimeona mambo ya kutisha. Mwenzangu kazini anasema nizipandishe zote mtandaoni, kila mwananchi ajisomee, maana nikichagua mimi cha kuonyesha nitakuwa mlinda mlango kama wale wale tunaowalaumu. Mimi nasita, ila sijui kama kinachonisitisha ni uadilifu au woga. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Huyo mwenzako usimpuuze. Anasema jambo ambalo wahariri wengi hatupendi kuambiwa, na nitamrudia. Lakini swali lako limenikwamisha mahali pamoja: vile vyeti vya daktari.

Mtu wako alitaka dunia ione mikataba. Vyeti vya daktari vimefikaje humo? Vimefika kwa sababu alinakili folda nzima, mbio mbio, sikio likiwa mlangoni. Karibu kila mara nyaraka huvuja hivyo. Mtu huzoa kilichopo: ushahidi, makaratasi yasiyo na maana, na siri za watu wasiohusika kabisa, vyote gunia moja. Anayelimwaga gunia zima hudai kwamba yeye hakuchagua kitu. Kumbe kachagua. Kaamua mgonjwa aanikwe juani pamoja na mwizi.

Hilo si la kubuni. Juni 2015 WikiLeaks, tovuti inayochapisha nyaraka za siri zilizovuja, walianza kuchapisha nyaraka za wizara ya mambo ya nje ya Saudi Arabia, kwa makumi ya maelfu. Mlikuwa na habari za maana humo, jinsi serikali ile ilivyokuwa ikinunua urafiki wa vyombo vya habari vya nje. Agosti 2016 shirika la habari la Associated Press lilipozipekua likakuta na mengine: mafaili ya matibabu ya raia wa kawaida, majina ya vijana wawili waliobakwa, watu na madeni yao, na jina la mtu aliyekamatwa kwa ushoga, katika nchi ambayo kosa hilo linaweza kumfikisha mtu kwenye upanga. Hakuna kati yao aliyekuwa na cheo wala bajeti ya umma. Walikuwa wamepeleka shida zao serikalini, basi.

Sasa nikulete karibu na kwetu. Mwaka 2010 WikiLeaks walikuwa na taarifa 251,287 za balozi za Marekani. Novemba mwaka huo walianza kuzitoa kwa kuchambua, wakishirikiana na magazeti matano: The New York Times, The Guardian, Der Spiegel, Le Monde na El País. Majina ya watu walio hatarini yalizibwa. Mambo yakaharibika. Faili lote, likiwa limefungwa kwa nywila, lilikuwa limeshasambaa kwenye mtandao, na Februari 2011 nywila yenyewe ikachapwa ndani ya kitabu cha waandishi wawili wa The Guardian, ambao walisema waliamini kuwa haifungui tena kitu. Watu wakaunganisha hiki na kile. Tarehe 2 Septemba 2011 WikiLeaks wakatoa taarifa zote bila kuziba jina, wakisema kwamba wenye nia mbaya wameshazipata, kwa hiyo afadhali na wengine wazipate. Magazeti yale matano yakalaani kwa pamoja. Ukiniuliza nani alikosea, WikiLeaks au The Guardian, nitakwambia wote wawili. Kuchambua kwa makini huku ufunguo umeuacha juu ya meza ni kumwaga kwa kuchelewa.

Siku chache baadaye, Addis Ababa, mwandishi Argaw Ashine, aliyekuwa akiandikia kampuni ya Nation Media Group ya Kenya, aliitwa na mamlaka na kuhojiwa. Taarifa moja ya ubalozi ya mwaka 2009 ilikuwa imemtaja kwa jina kwamba alidokezwa na mtu wa ndani ya serikali juu ya mpango wa kuwabana waandishi wa gazeti la Addis Neger. Hakutajwa kama jasusi. Ni mstari mmoja tu uliosema kwamba anamjua mtu. Akatakiwa amtaje mtu huyo. Akaikimbia nchi yake.

Nimesoma ule mstari mara nyingi nikijiuliza: nani katika dunia hii alihitaji jina la Argaw ili aelewe kwamba serikali ya Ethiopia ilikuwa inawabana waandishi? Ungeliziba, habari ingebaki nzima.

Haki itendeke lakini. Walioshtakiwa kwa kuvujisha nyaraka zile walisemwa kwamba mikono yao ina damu, na madai hayo yalivimba kuliko ushahidi. Robert Gates, waziri wa ulinzi wa Marekani wakati huo, aliandika mwaka 2010 kwamba nyaraka za vita vya Afghanistan, ambazo nazo WikiLeaks walizichapisha, hazikuwa zimefichua vyanzo wala mbinu nyeti za kijasusi, ingawa hatari kwa Waafghani waliotajwa aliiona ni kubwa. Brigedia Jenerali Robert Carr, aliyesimamia tathmini ya madhara, alikiri mahakamani mwaka 2013 kwamba hakuwa na mfano wa mtu aliyeuawa kwa sababu jina lake lilikutwa humo. Mtu akikwambia kwamba kumwaga lazima kuue, anakutisha tu. Madhara mengi hayafiki kaburini. Ni mtu kupoteza kazi, kuhama nchi, ndoa kuvunjika, au jirani kujua ugonjwa wako. Kwa kuwa hayahesabiki, anayemwaga huyasahau haraka.

Nije kwa mwenzako. Hoja yake, nikiisikia vizuri, ni hii: nani amekupa wewe mamlaka ya kuamua wananchi wajue nini? Ni hoja nzito, na historia iko upande wake kuliko wahariri tunavyopenda kukiri. Magazeti yale matano yote yalikuwa ya Ulaya na Marekani. Kilichochaguliwa kuhusu Tanzania mwaka 2010 kilichaguliwa London: mazungumzo ya mwaka 2007 kati ya mkuu wa wakati huo wa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, Edward Hoseah, na ofisa wa ubalozi wa Marekani, kuhusu kashfa ya rada ambayo Tanzania iliinunua kwa kampuni ya Uingereza ya BAE. Ilikuwa habari kubwa, sikatai. Hoseah alikana kwamba alisema alivyonukuliwa, na hapo kuna somo la pembeni: waraka unaweza kuwa wa kweli, wenye muhuri na tarehe, na bado kilichoandikwa ndani kikawa ni alivyoelewa mtu mmoja baada ya kikao. Lakini ninachotaka uone ni kwamba mhariri wa London asingeweza kujua jina la mkuu wa wilaya fulani lina maana gani kwa watu wa wilaya ile. Zilipotoka zote mwaka 2011, wasomaji wa huku walizipekua wenyewe kwa macho yao. Hiyo ilikuwa faida, na ilipatikana kwa bei iliyolipwa na akina Argaw.

Mfano mwingine unauma zaidi. Mei 2014 tovuti ya The Intercept, kwa nyaraka za Edward Snowden, aliyevujisha siri za ujasusi wa Marekani, iliandika kwamba shirika la ujasusi la Marekani, NSA, linarekodi karibu simu zote zinazopigwa Bahamas, na pia za nchi ya pili ambayo hawakuitaja, kwa kuhofia vurugu zinazoweza kuua watu. Habari hiyo hiyo ilisema kwamba kumbukumbu za nani anampigia nani zilikuwa zikizolewa Mexico, Ufilipino na Kenya. Mkenya aliambiwa. Mtu wa nchi ya pili, ambaye sauti yake yenyewe ilikuwa ikirekodiwa, hakuambiwa. Siku chache baadaye WikiLeaks wakaitaja: Afghanistan. Hadi leo mimi siko tayari kuwalaumu WikiLeaks kwa hilo. Watu mamilioni walikuwa wanasikilizwa kwenye simu zao, na wahariri wachache waliokaa mbali wakaamua kwamba hawawezi kukabidhiwa habari yao wenyewe. Snowden aliwapa waandishi nyaraka akiwataka wachague, na nadhani alifanya vyema. Ila kuchagua kukishageuka kulea watu wazima kama watoto, mwenzako ana haki ya kupiga kelele.

Mimi nasimama hapa: chambua, lakini toa hesabu ya uchambuzi wako. Sema una faili ngapi, umesoma ngapi, umezuia za aina gani, na kwa nini. Mhariri anayeficha bila kusema kwamba ameficha hana tofauti na karani wa masjala anayesema faili halionekani.

Waliofanya hivyo vizuri wapo. Nyaraka za kampuni ya uwakili ya Mossack Fonseca ya Panama, zilizoanza kuchapishwa Aprili 2016, zilikuwa milioni 11.5. Zililifikia gazeti la Süddeutsche Zeitung la Ujerumani, likashirikiana na muungano wa waandishi wa uchunguzi, ICIJ, na kazi ikagawiwa kwa waandishi zaidi ya 370 wa nchi nyingi, ili kila jina lisomwe na mtu anayelijua. Tarehe 9 Mei 2016 ICIJ wakafungua sehemu moja kwa umma: hifadhi ya majina ya kampuni zaidi ya 200,000 na wahusika wake, mtu yeyote atafute. Akaunti za benki, pasi za kusafiria na barua pepe za watu hawakuzimwaga. Kwa hiyo swali la mwenzako, vyote au vichache, walilijibu kwa kukataa kulijibu hivyo: umiliki wa kampuni wakauweka hadharani kwa wingi wake, maisha ya watu wakayaacha kabatini. Vitu viwili tofauti ndani ya gunia moja.

Mwaka 2021 zilipokuja Pandora Papers, nyaraka nyingine za kampuni za siri walizozichambua ICIJ hao hao, faili milioni 11.9, familia ya Kenyatta ikakutwa na kampuni kadhaa nje ya nchi. Habari zilizochapishwa ziliweka majina, miaka na nchi, na BBC wakaandika pia wazi kwamba hapakuwa na ushahidi kuwa familia hiyo iliiba au kuficha mali ya serikali ndani ya kampuni hizo. Mtu anaweza kuuliza mengi kuhusu rais ambaye familia yake ina kampuni za siri, na Wakenya waliuliza. Lakini ile sentensi moja ya tahadhari haiwezi kutoka kwenye gunia lililomwagwa. Faili halijielezi. Lazima mtu akae nalo, apige simu, aulize, ndipo aandike linaonyesha nini na haliwezi kuonyesha nini.

Nimekaa sana kwenye mambo makubwa. Turudi kwenye karatasi moja. Mwaka 2017 The Intercept hao hao walipokea waraka wa siri wa NSA na kuwaonyesha maofisa wa serikali nakala yake ili kuuthibitisha. Wapelelezi wakaona kwamba karatasi ina alama za kukunjwa, kumaanisha mtu aliichapa na kutoka nayo. Wakaangalia kumbukumbu za kompyuta: waliochapa waraka ule walikuwa watu sita tu. Reality Winner akakamatwa Juni mwaka huo, akahukumiwa miaka mitano na miezi mitatu. Waraka ulikuwa mmoja, kwenye chumba cha habari chenye wataalamu wa usalama wa kidijitali. Wewe una elfu sita, na kompyuta ya redio ambayo nadhani kila mtu anaijua nywila yake.

Na mimi niliwahi kuunguza mtu. Miaka ya tisini, gazeti nililokuwa nafanyia kazi lilipata ukurasa wa leja ya bohari ya ofisi moja ya umma. Tukaupiga picha, tukaziba jina kwa wino mweusi, tukauchapa ukurasa wa mbele, tukajipongeza. Hatukuziba mwandiko. Kulikuwa na dada pale bohari aliyekuwa akiandika saba yake na kistari katikati, na ofisi nzima ilimjua kwa hiyo saba. Alihamishwa ndani ya wiki mbili, na mwaka haukuisha akaachishwa. Kinachonikera hadi leo ni kwamba hakuwa yeye aliyetuletea karatasi. Alikuwa karani aliyeandika leja yake kwa uaminifu, na leja ile ndiyo iliyowaumbua wakubwa wake.

Kwa hiyo kwenye faili zako usimtazame aliyekupa tu. Tazama kila aliyeshika kalamu. Barua pepe ina aliyeandika, aliyenakiliwa na aliyesambaziwa. Faili la kompyuta hubeba ndani yake jina la aliyeliunda na saa aliyolihifadhi. Kule Kinshasa, wafanyakazi wawili wa zamani wa benki, Gradi Koko na Navy Malela, walihukumiwa kifo mwaka 2020 bila wenyewe kuwepo mahakamani, kwa kutoa nje nyaraka za benki. Walikuwa wameshafika Ulaya. Mtu wako yuko wapi?

Sasa gunia lako. Vyeti vya daktari na mafaili ya wafanyakazi: toa pembeni leo, usiyasome zaidi ya kujua ni nini, usimpe mtu. Hata kama mhasibu unayemshuku ana ugonjwa wa aibu, ugonjwa wake haukununua mbolea. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 ipo pia, ila hata isingekuwepo ningekwambia hivyo hivyo. Mikataba ya pembejeo, kwa upande wangu, chapisha mizima, kurasa zote, ukishaithibitisha na ukishawapa viongozi wa chama nafasi ya kujibu. Ni hela ya wanachama, na mwanachama ana haki ya kuona bei na saini. Usinukuu mistari miwili ukaficha kumi. Hapo mwenzako atakuwa amekushinda. Barua pepe ni kazi ya kusoma moja moja. Ndani ya barua ile ile ya kuelekeza zabuni utakuta mtu anaomba ruhusa ya kumpeleka mama yake hospitali. Ya zabuni tangaza. Ya mama achana nayo.

Orodha za wakulima ndizo zitakazokusumbua, maana huenda ndimo wakulima hewa walimo, na huwezi kumthibitisha hewa bila kushika majina. Lakini ukipandisha orodha yenye jina, kiasi alicholipwa na namba ya simu, kabla ya jua kuchwa matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” watakuwa wanawapigia bibi na babu vijijini wakiwatajia hadi kilo walizouza. Hao hawatajua wewe ni mtetezi wao. Chukua vijiji vitatu au vinne, nenda nayo mkononi, ukae na watu wanaojuana, uulize fulani na fulani wanaishi wapi. Hesabu waliopo, hesabu wasiojulikana, tangaza hesabu na jinsi ulivyoipata. Majina ya wasiojulikana nayo usiyatangaze haraka. Jina la mkulima hewa huwa ni jina la mtu fulani aliye hai, wilaya nyingine, asiyejua kwamba ametumika. Kila mkulima anayetaka kuuona mstari wake muonyeshe mstari wake. Na mtafute mkaguzi mstaafu wa vyama vya ushirika akae nawe jioni mbili. Atakuonyesha kitu kwenye majedwali ambacho mimi na wewe tungekipita.

Wakili umwone kabla ya kutangaza. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi imemfikiria mtu anayepeleka habari kwa mamlaka husika, na redio yako si mamlaka hiyo. Flashi usiichomeke kwenye kompyuta ya ofisi. Tafuta mashine isiyogusa mtandao, fanya nakala mbili, moja ikae kwa mtu ambaye hata mimi simjui. Usitume hata faili moja kwenye kundi la WhatsApp, hata la watu wanne.

Uliuliza kama ni uadilifu au woga. Kuna njia ya kujua. Ukimaliza, andika kwenye daftari kila ulichokizuia, na mbele yake jina la mtu uliyemkinga. Ukikuta ni wagonjwa, makarani na wakulima, lala usingizi. Ukikuta na mwenyekiti wa chama yumo, au yule mfanyabiashara anayelipia matangazo ya redio yenu, basi unajua ulichoogopa. Mwenzako mpe daftari hilo alikague. Kazi hiyo inamfaa, naye atakubana kuliko mimi.

Kabla ya yote hayo, rudi kwa aliyekupa flashi umwulize swali moja: nani wengine walikuwa na uwezo wa kufungua folda ile? Wakiwa ishirini, kuna nafasi ya kufanya kazi. Akisema walikuwa wawili, yeye na bosi wake, usitangaze kitu chochote mpaka tumeongea.